Wakili wa Pauni 105

Mwaka jana baba yangu mdogo aliniomba nimsindikize kwa wakili. Anauza vifaa vya ujenzi, na alikuwa anamdai rafiki yake wa miaka mingi ambaye walizoea kuchukuliana mzigo: saruji, nondo, mabati. Nilidhani ananihitaji kwa sababu ya Kiingereza. Kumbe wakili alizungumza Kiswahili safi kuliko sisi wote wawili. Alichohitaji ni mtu wa kumsomea kaunta buku la ba'mdogo. Kila ukurasa ulijaa majina yaliyofupishwa, namba, alama za vema, na neno moja lililojirudia: "bado". Wakili aligeuza kurasa nne, akalifunga daftari, akauliza kwa upole, "Mzee wangu, hapa anayedaiwa ni nani?"

Ba'mdogo alikasirika. Mimi nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu swali hilo nilikuwa nimekutana nalo maktaba wiki chache kabla. Mwaka 1893, kijana wa miaka 23 aliingia katika mahakama ya Zanzibar kuona kazi inavyofanyika. Wakili mmoja wa Kiparsi alikuwa anamhoji shahidi juu ya vitabu vya hesabu: kipi kimeandikwa upande wa debiti, kipi upande wa krediti. Kijana hakuelewa hata kidogo. Alikuwa mwanasheria aliyefuzu London, na alikuwa njiani kwenda kufanya kazi katika kesi ya biashara yenye dai la pauni 40,000. Jina lake lilikuwa Mohandas Gandhi.

Wengi wetu kisa cha Gandhi Afrika Kusini tunakianzia kwenye treni. Juni 1893, usiku wa baridi, stesheni ya Pietermaritzburg: abiria Mhindi mwenye tiketi ya daraja la kwanza anatupwa nje kwa sababu ya rangi yake. Kisa hicho kipo kwenye vitabu vya shule na kwenye filamu. Swali lisiloulizwa sana ni dogo: alikuwa anakwenda wapi, na tiketi ile alikatiwa na nani? Alikuwa anakwenda Pretoria, na aliyemkatia tiketi ni mfanyabiashara mwenye kesi. Kabla ya siasa kulikuwa na deni, na kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba ili alipwe deni lake anahitaji wakili mmoja zaidi.

Uamuzi huo ndio ninaotaka kuuangalia, kwa sababu kwa hesabu za kawaida haukuwa na maana.

Gandhi alirudi India mwaka 1891 baada ya kukubaliwa kuwa mwanasheria Uingereza. Bombay ilimshinda. Katika kesi yake ya kwanza, shauri dogo la madai ambalo ada yake ilikuwa rupia 30, alisimama kumhoji shahidi wa upande wa pili, kichwa kikamzunguka na maneno yakagoma kutoka. Akakaa chini. Akamwambia aliyemleta mteja kwamba amtafute wakili mwingine na achukue fedha zake. Baadaye akahamia Rajkot, akawa anaishi kwa kuwaandikia watu maombi na hati.

Akiwa huko, kaka yake alipata barua kutoka kampuni ya wafanyabiashara wa Kimemon, Waislamu wa Gujarat, yenye asili ya Porbandar, mji aliozaliwa Gandhi. Ni kampuni ya Dada Abdulla, iliyokuwa na biashara kubwa Afrika Kusini. Ujumbe wao ulikuwa wazi: tuna kesi kubwa mahakamani, imechukua muda mrefu, na mawakili bora tumekwisha kuwaajiri. Tunachotaka ni mtu atakayewaeleza mawakili hao mambo yetu vizuri kuliko tunavyoweza sisi. Malipo yalikuwa nauli ya daraja la kwanza kwenda na kurudi, matunzo yote akiwa huko, na pauni 105. Kazi isingezidi mwaka mmoja.

Pauni 105 ni gini 100. Ukiiweka kando ya dai la pauni 40,000, ni kama robo ya asilimia moja. Gandhi alielewa kwamba hawamwiti akawe wakili wa kusimama mbele ya jaji. Anakwenda kuwa mtumishi wa kampuni. Hakubishania bei. Alitaka kuondoka India, na hii ilikuwa nafasi.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza niliona kampuni imeokota kijana wa bei rahisi. Baada ya siku ile ya kaunta buku niliisoma tena, nikaona tatizo walilokuwa nalo. Biashara yao waliifanya kwa Kigujarati. Barua zao, vitabu vyao na maneno waliyopeana dukani yalikuwa ya Kigujarati. Kesi ilikuwa Pretoria, mji mkuu wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal, mikononi mwa mawakili wa Kizungu. Abdulla Sheth mwenyewe (Sheth ni jina la heshima kwa mfanyabiashara) hakuwa na elimu ya darasani. Kiingereza chake kilitosha kuzungumza na mameneja wa benki, na kuwaeleza mawakili kesi yake kwa kadiri alivyoweza. Mawakili bora anao, ukweli wa kesi anao, lakini hana daraja la kuuvusha ukweli huo kutoka dukani hadi ofisini kwa wakili. Ndilo daraja alilolilipia pauni 105.

Aprili 1893 Gandhi alipanda meli. Baada ya siku kama 13 ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alisubiri kwa zaidi ya wiki moja ili abadilishe meli. Alipanga chumba mjini, akawa anazunguka na kushangaa ukubwa wa miti na matunda. Katika siku hizo ndipo alipoingia mahakamani.

Kumkuta wakili wa Kiparsi Zanzibar halikuwa jambo la ajabu. Visiwa vilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Wahindi wengi waliofanya biashara pale walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza. Walishtakiana katika mahakama ya konseli wa Uingereza, kwa sheria zilizoletwa kutoka India, na rufaa zao zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Rupia ndiyo iliyozunguka sokoni. Hata neno lenyewe lilikuwa la pwani zote mbili: Wahindi walisema vakil, sisi tukasema wakili, wote tukiwa tumelichukua kwa Waarabu, ambao kwao ni mtu uliyemkabidhi jambo lako. Kwa hiyo kijana aliyeketi pale hakuwa mgeni wa sheria wala wa lugha. Kilichomshinda ni daftari.

Alipofika Durban mwishoni mwa Mei, Abdulla Sheth alimtazama suti yake akaona ameletewa gharama. Hakuwa na kazi ya kumpa, na kumpeleka Pretoria waliko wapinzani aliogopa. Siku chache baadaye wakili wa Pretoria aliandika kwamba mwenye kesi aje au atume mwakilishi. Gandhi akapewa makarani wamweleze shauri. Walipoanza kumtajia kilichodebitiwa na kilichokreditiwa, kizunguzungu cha Zanzibar kikarudi. Karani alitaja mara kwa mara "P. Note". Gandhi alilitafuta neno hilo kwenye kamusi asilione. Ikabidi amuulize karani, akaambiwa ni hati ya ahadi ya malipo, ile karatasi ambayo mtu anaandika kwamba atalipa kiasi fulani. Akanunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akakisoma mwenyewe hadi akaelewa.

Hapo nilisimama. Mwanasheria wa London hajui hati ya ahadi ni nini, na karani wa duka ndiye anayemfundisha. Tena Gandhi anasimulia kwamba Abdulla Sheth, ambaye hakujua kuandika hesabu kwa utaratibu wa kitabu, aliweza kufumbua mafumbo yake haraka kwa uzoefu tu. Ujuzi wa kesi ulikuwa wote kwa mteja. Kazi ya wakili ilikuwa kuwa mnyenyekevu kiasi cha kuuomba.

Pretoria, baada ya treni na baada ya kupigwa makofi kwenye gari la farasi njiani, wakili mwenyeji, A. W. Baker, alimweleza ukweli bila kuzunguka: hatuna kazi yako kama wakili, tayari tuna walio bora, nitakutumia kupata taarifa ninazozihitaji, na utanirahisishia mawasiliano na mteja wangu. Gandhi akachukua barua na vitabu, akatafsiri kutoka Kigujarati, akapanga matukio kwa tarehe, akatenganisha kinachothibitika na kinachodaiwa tu.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Sehemu ya dai ilitokana na hati za ahadi zilizokwisha kuandikwa, na sehemu nyingine ilitokana na ahadi ya kutoa hati kama hizo. Mdaiwa alijitetea kwamba hati zile zilichukuliwa kwa hila na hazikuwa na malipo halali nyuma yake. Mdaiwa huyo aliitwa Tyeb Haji Khan Muhammad, mkubwa wa Wahindi wa Pretoria kama Dada Abdulla alivyokuwa mkubwa wa Wahindi wa Natal. Walikuwa watu wa mji mmoja. Walikuwa ndugu.

Na walikuwa wanashtakiana katika nchi ambayo haikuwahesabu. Sheria ya Transvaal ya mwaka 1885 iliwawekea Wahindi mipaka ya kumiliki ardhi na kuwataka walipe ili waandikishwe. Pretoria Mhindi hakuruhusiwa kupita njia ya waenda kwa miguu. Gandhi alisukumwa na kupigwa teke na mlinzi karibu na nyumba ya Rais Kruger kwa kosa hilo. Matajiri wawili waliokosa haki ya kutembea kandokando ya barabara walikuwa wanamimina fedha zao kwa mawakili ili mahakama ya nchi hiyohiyo iamue nani kati yao ni mkweli.

Katika wiki yake ya kwanza Pretoria, Gandhi alifanya jambo ambalo wakili wa leo angelifikiria mara mbili. Alikwenda kwa Tyeb Sheth, mpinzani wa mteja wake, akamwomba amsaidie kuwafikia Wahindi wote wa mji. Tyeb Sheth alikubali. Mkutano ukaitishwa, na Gandhi, yuleyule aliyebanwa na maneno Bombay, akatoa hotuba yake ya kwanza. Mada ilikuwa ukweli katika biashara.

Kadiri alivyozama kwenye makaratasi, aliona mambo mawili. La kwanza, ushahidi wa Dada Abdulla ulikuwa na nguvu, na sheria ilikuwa upande wake. La pili, ushindi huo ungewamaliza wote wawili. Ada zilipanda upesi kiasi kwamba zingeweza kula mali ya wafanyabiashara wakubwa kama wale. Muda wao wote ulikwenda kwenye kesi. Uhasama ulikua kila siku. Hapo pia ndipo alipogundua kwa mara ya kwanza kwamba anayeshinda harudishiwi gharama zake zote: kulikuwa na viwango maalumu vya gharama ambazo aliyeshindwa alipaswa kumlipa mshindi, na ada halisi ambayo mteja anamlipa wakili wake ilikuwa juu zaidi ya viwango hivyo.

Kabla hajaondoka Durban alikuwa amemwambia Abdulla Sheth kwamba angejaribu kuimaliza kesi nje ya mahakama, kwa kuwa Tyeb ni ndugu. Abdulla Sheth alishtuka. Alikubali kwamba hakuna kilicho bora kuliko kuelewana, lakini akaonya kwamba kwa vile wao ni ndugu wanajuana vizuri: ukizubaa kidogo, Tyeb atakuvuna kila kitu. Anayesema kesi za ndugu ni rahisi kuzipatanisha hajawahi kuwa na kesi ya ndugu.

Hata hivyo Gandhi alimwendea Tyeb Sheth, akamshawishi wapeleke shauri kwa msuluhishi ambaye wote wawili wangemwamini. Wakakubaliana. Msuluhishi akateuliwa, akasikiliza, akaamua. Dada Abdulla akashinda pauni 37,000 pamoja na gharama.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya kesi iliyoshinda. Lakini Tyeb Sheth hakuwa na uwezo wa kutoa fedha hizo kwa mkupuo. Mwenye tuzo mkononi angeweza kudai atekeleze mara moja, na mdaiwa angetangazwa mufilisi. Miongoni mwa Wamemon wa Porbandar waliokuwa Afrika Kusini kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote: heri kufa kuliko kufilisika. Tyeb hakutaka apunguziwe hata senti. Alichoomba ni muda. Basi Gandhi akaanza kazi ya pili, ya kumshawishi mteja wake mwenyewe akubali kulipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Anasema ilikuwa ngumu kuliko kuwakutanisha kwenye usuluhishi. Dada Abdulla akakubali mwishowe. Tyeb akalipa bila kufilisika, na wote wawili wakapanda heshima mbele za watu.

Haya tunayapata kwa kalamu ya Gandhi mwenyewe, katika tawasifu aliyoianza kuiandika mwaka 1925, zaidi ya miaka 30 baada ya kesi. Mtu anayesimulia ujana wake akiwa maarufu hupenda kuona mbegu ya kila kitu katika kila kitu, na msomaji anapaswa kukumbuka hilo. Vilevile, maandishi yake ya miaka ileile ya Afrika Kusini yana maneno ya dharau juu ya Waafrika. Ndiyo sababu wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana walipinga sanamu yake hadi ikaondolewa Desemba 2018. Maelewano ya Pretoria yalikuwa ya watu wa mji mmoja, wanaoogopa aibu moja. Hayakumhusu Mwafrika aliyekuwa nje ya mlango. Nayasema haya kwa sababu somo la upatanishi huuzwa kirahisi mno, kana kwamba kila ugomvi una ndugu wawili ndani yake. Mkubwa anapomdhulumu mdogo, neno "tuelewane" linaweza kuwa njia nyingine ya kumnyamazisha mdogo. Hata Dada Abdulla hakuacha dai lake. Alilithibitisha kwanza, akapata tuzo, ndipo akatoa muda.

Mwaka 1894, Gandhi alipokuwa anajiandaa kurudi kwao, habari za muswada wa kuwanyima Wahindi wa Natal haki ya kupiga kura zilimkuta Durban kwenye hafla ya kumuaga. Wafanyabiashara walimwomba abaki. Kwa kazi ya umma alikataa malipo, lakini chakula kilihitajika, hivyo wafanyabiashara kama 20 wakamlipa kila mmoja ada ya mwaka awe wakili wao wa biashara. Dada Abdulla akamnunulia samani za nyumba. Chama cha wanasheria wa Natal kilipinga asiandikishwe. Mahakama Kuu ikamwandikisha Septemba 1894. Mkataba wa mwaka mmoja ukawa miaka 21. Siasa zile zote ziligharimiwa, kwa namna fulani, na migogoro ya kawaida ya maduka.

Huku kwetu, yale aliyoyafanya Gandhi kwa kubembeleza sasa yameingizwa kwenye utaratibu. Tangu 1994 kanuni za mashauri ya madai Tanzania zinataka pande zijaribu upatanishi mahakamani kabla ya kesi kusikilizwa, na tangu 1999 Mahakama Kuu ina divisheni yake ya biashara. Kenya imeliandika jambo hilo kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 159. Gharama za mshindi bado zinapimwa kwa kanuni, na afisa wa mahakama anaweza kuzipunguza. Kwa hiyo mtu anayetafuta wakili wa kesi ya biashara leo ana maswali yaleyale ya 1893, na nadhani machache yanatosha. Je, atakaa na daftari langu hadi alielewe? Atanieleza nitakachobakiwa nacho nikishinda, baada ya kumlipa yeye? Na nikishinda, yule niliyemshinda atakuwa na uwezo wa kulipa?

Jumapili iliyofuata nilikaa na ba'mdogo barazani, kaunta buku katikati yetu. Yeye alisoma, mimi nikaandika kwenye karatasi kubwa yenye safu mbili: alichotoa na alichopokea. Kila nilipokwama niliuliza, kila nilipouliza alishangaa kwamba sijui. "K ni Kaka. K yenye nukta ni Kassimu. Hivi chuoni mnasoma nini, mwanangu?" Ilituchukua hadi magharibi. Jumla ilipotoka ilikuwa chini ya ile aliyokuwa akiitaja kwa watu. Kulikuwa na mifuko ya saruji aliyoichukua kwa rafiki yake miaka miwili nyuma, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na alikuwa ameisahau.

Aliitazama karatasi kwa muda. Akaomba kalamu, akaiandika upya ile jumla ndogo kwa tarakimu kubwa, akaipigia mstari.

"Kesho tumpelekee wakili hii," alisema. "Na huyu bwana nitampigia mwenyewe, kabla hajapata barua."